Mwongozo kamili kwa halmashauri ya jiji: kupunguza taka kabla hazijapanda lori

Halmashauri nyingi zikizidiwa na taka hukimbilia kununua malori. Lori linazinduliwa, madiwani wanapiga picha, na baada ya mwaka mmoja liko gereji juu ya mawe huku taka zikiendelea kufurika sokoni. Tatizo halikuwa lori. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za miji yetu ni maganda, mabaki ya chakula, majani na mabua, yaani vitu vilivyojaa maji. Jiji linanunua dizeli ili kusafirisha maji ya matikiti na nyanya kilomita 30 hadi dampo, na yakifika huko yanageuka kuwa mchuruziko mchafu na gesi ya methani.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mizani, unapita sokoni, kisha ndipo unagusa malori. Umefuata mfumo wa Tanzania, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziwekea mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Hata hivyo, hesabu zake zinaweza kutumika Kisumu au Bujumbura kwa kubadilisha bei tu.

Hatua ya 1: Pima

Tani kwa siku zinazosomwa kwenye vikao mara nyingi hupatikana kwa kuhesabu safari za malori na kuzidisha kwa uwezo ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Hapo ndipo uongo unapoingia. Taka mchanganyiko za kwetu zina uzito wa kilo 250 hadi 400 kwa mita ya ujazo. Tipa yenye bodi ya mita za ujazo 10 ikijaa pomoni inabeba kama tani 3, hata kama kadi inasema 7. Mpango wa miaka mitano unajengwa juu ya namba iliyozidi ukweli kwa zaidi ya mara mbili, na mkandarasi analipwa kwa namba hiyo hiyo.

Upimaji wenyewe hauhitaji mshauri elekezi. Bwana afya na vijana wanane wanatosha.

1. Chagua kaya 90: 30 za kipato cha chini, 30 za kati, 30 za juu, zilizotawanyika mitaa tofauti. Mjumbe wa shina awatambulishe wapimaji, la sivyo milango haifunguliwi.
2. Ipe kila kaya namba na mfuko. Mfuko wa siku ya kwanza ukusanye na usiuhesabu, kwa kuwa umebeba taka zilizolundikana kwa siku kadhaa. Siku saba zinazofuata, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, ndizo za kupima.
3. Pima kila mfuko kwa mizani ya kuning'iniza ya kilo 50. Gawanya kwa idadi ya watu waliokuwa wakila nyumbani siku hiyo, si kwa idadi iliyoandikwa kwenye daftari la mtaa.
4. Kwa uzito wa ujazo, jaza pipa lenye ujazo unaojulikana, liinue sentimita 10, liachie lidunde mara tatu, jazia tena hadi ukingoni, kisha pima. Usishindilie kwa mikono.
5. Mwaga taka za siku juu ya turubai, changanya kwa koleo, gawa mafungu manne, bakiza mawili yanayotazamana, rudia hadi zibaki kama kilo 100. Zichambue: zinazooza, plastiki ngumu, plastiki laini, karatasi na maboksi, vyuma, vioo, nguo, pampasi na pedi, mchanga na vumbi, taka hatarishi.

Masoko, hoteli, shule na baa vipimwe peke yake. Zoezi zima lirudiwe wakati wa masika na wakati wa kiangazi, maana mvua na misimu ya matunda hubadilisha kabisa uzito wa pipa.

Kwa kaya za mijini Afrika Mashariki matokeo huangukia kati ya kilo 0.4 na 0.8 kwa mtu kwa siku. Ukipata 1.5, angalia mchanga kwanza. Nyumba zenye uwanja wa udongo hufagiliwa kila asubuhi, na kilichofagiliwa (mchanga, majani na punje za makaa) huingia wote kwenye kiroba. Mahali pengine mchanga peke yake unafika moja ya tano ya uzito, na ndio unaokwangua bodi za malori na kuua mihuri ya hidroliki. Tiba yake ni rahisi kuliko zote zilizomo humu: wajumbe wapite nyumba kwa nyumba kusisitiza mchanga ubaki uwanjani, chini ya mti au kwenye mfereji uliolika, na kiroba kipokee majani tu. Kwenye kizimba, yaani kituo cha kukusanyia taka za mtaa, weka chekeche la waya lenye matundu ya sentimita 1 kwa watakaosahau.

Kuanzia hapa tuchukue kata ya mfano: wakazi 30,000, kilo 0.6 kwa mtu, yaani tani 18 za majumbani kwa siku, sawa na mita za ujazo 60. Kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya, uliotolewa na sensa ya 2022, hizo ni kaya kama 7,000. Ina soko moja la matunda na mboga linalotoa tani 5 zaidi.

Hatua ya 2: Anza na soko, majumbani baadaye

Kampeni ya kutenganisha taka majumbani ndiyo inayopendwa na wafadhili, lakini inakuhitaji ubadilishe tabia ya kaya 7,000 kwa pamoja. Soko lina geti moja, uongozi mmoja, na taka ambazo tayari ni safi, yaani zinaoza karibu zote na hazina betri wala vioo. Tani 5 za soko ni rahisi kuziokoa kuliko tani 5 za majumbani, na mboji yake mkulima hatairudisha.

Kwanza punguza kinachoingia. Kabichi hufika na majani ya nje ambayo muuzaji huyavua na kuyadondosha chini. Ndizi huletwa zimefungwa kwa majani ya migomba, na mikungu nayo huachwa hapo hapo. Soko la ndizi kama Mabibo, Dar es Salaam, hulipia uzoaji wa vitu ambavyo vingebaki shambani kuwa samadi. Sheria ndogo ya soko inaweza kudai kabichi zipogolewe shambani na gari linaloshusha ndizi liondoke na majani yake. Usitegemee tangazo la kipaza sauti. Weka ushuru wa geti wa viwango viwili, wa mzigo uliopogolewa na wa usiopogolewa, tofauti iwe ya kuuma, na madalali wenyewe watawapigia simu wakulima.

Pili, gawa soko kwa vitengo (nyanya, ndizi, viazi, mbogamboga). Kila kitengo kiwe na mapipa mawili ya lita 240 yenye magurudumu: la kijani kwa vinavyooza, jeusi kwa vilivyobaki. Yatolewe mara mbili kwa siku, saa 5 asubuhi na saa 11 jioni. Pipa la tatu usiliweke bado. Yakiwa matatu watu hukosea yote matatu.

Mama lishe na vibanda vya chipsi wawe na ndoo zao zenye kifuniko, kwa sababu chakula kilichopikwa chenye mafuta huvuta panya kwenye mboji. Chakula hicho kinafaa zaidi kwa funza, tutakaowafikia.

Makumbi ya madafu na mabua ya miwa ni kesi ya pwani. Yanachukua nafasi kubwa ya lori, na hayaozi kwa miezi mingi. Yasiingie kwenye mboji mazima. Yakaushwe juani na yauzwe kwa wachoma matofali au yapitishwe kwenye mashine ya kusaga majani. Ikikosekana mashine, wauzaji wa madafu wapewe eneo lao la kupasua na kuanika, kwa kuwa kumbi zima lililotupwa hutunza maji ya mvua na kuzalisha mbu.

Hatua ya 3: Mboji isiyonuka

Miradi ya mboji hufa kwa sababu mbili, harufu na soko, na harufu ndiyo hutangulia. Majirani wanalalamika, diwani anabanwa, kituo kinafungwa. Harufu si jambo la kawaida la mboji. Ni dalili kwamba tuta limekosa hewa.

Tani 5 kwa siku zinahitaji eneo la kama mita za mraba 1,500 pamoja na sehemu ya kuchambulia, kuivishia na kuhifadhi. Nusu ya eneo iwe na paa la bati ili masika yasizamishe matuta. Sakafu iwe ya zege au udongo ulioshindiliwa wenye mteremko mdogo, na mfereji unaopeleka maji kwenye kisima kifupi. Maji hayo hurudishwa kumwagilia matuta mapya na hayaachwi yatoke nje.

Utengenezaji ni huu:

Chambua mzigo siku ile ile uliofika. Katakata mikungu na mabua yawe na urefu usiozidi sentimita 10. Changanya vyenye maji na vikavu. Nyanya, matikiti na papai peke yao hugeuka uji. Kwa kila ndoo tatu za vilaini weka ndoo moja hadi mbili za maranda, majani makavu au pumba za mpunga. Lengo ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, lakini mfanyakazi wa tuta hapimi kaboni. Yeye akamate konzi ya mchanganyiko na kuikamua kwa nguvu. Tone moja au mawili yakitoka, unyevu ni mzuri. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Konzi ikimeguka bila kushikamana, mwagilia.

Jenga tuta lenye kimo cha mita 1.5 na upana wa mita 2.5 chini, urefu kadiri ya mzigo wa siku (tani 5 hutoa kama mita 5). Likiwa chini ya mita moja halishiki joto. Likizidi mita 2 linajikandamiza, na katikati hewa inakwisha.

Joto linapaswa kupanda hadi nyuzi 55 au 65 ndani ya siku tatu. Kituo kisicho na kipimajoto kirefu kitumie nondo: ichomeke hadi katikati, isubiri dakika 10, ichomoe. Isiyoshikika mkononi inaonyesha tuta linafanya kazi, na yenye uvuguvugu inaonyesha limekwama. Geuza tuta kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili za mwanzo, cha nje kiende ndani, ili kila sehemu ipite kwenye joto la kuua vimelea na mbegu za magugu. Kisha geuza mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 6 hadi 8 lihamishie kwenye eneo la kuiva kwa mwezi mmoja zaidi, ndipo uchekeche. Tani 5 zilizoingia zitatoa tani moja au zaidi kidogo. Zilizobaki zimekwenda hewani kama mvuke na hewa ukaa.

Likinuka yai bovu, lina maji na limekosa hewa: geuza na ongeza vikavu. Likinuka mkojo (amonia), limezidiwa na vibichi: ongeza maranda. Likipoa mapema huku vipande bado vinatambulika, limekauka. Mboji iliyotoka kwenye tuta lakini bado inapata moto ndani ya kiroba haijaiva, na ikipelekwa shambani itaunguza miche.

Kuhusu soko, mboji ni nzito na ina bei ndogo, hivyo haihimili usafiri mrefu. Wateja wa kwanza wawe ndani ya jiji: bustani za halmashauri, vitalu vya miche na maua pembezoni mwa barabara, wakulima wa mchicha mabondeni. Manispaa ya Kinondoni ilijenga kituo cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, na kituo hicho hutegemea hasa taka za masoko. Halmashauri yoyote inayopanga ukubwa huo ipeleke maofisa wake wakakae hapo wiki nzima. Ziara ya saa mbili yenye chai haiwafundishi kitu.

Mabaki ya chakula yaende kwa funza wa nzi askari mweusi. Kreti ya sentimita 60 kwa 40 huwekwa funza wadogo 10,000 wenye umri wa siku tano, hulishwa kilo 15 za mabaki kwa awamu tatu, na ndani ya siku 12 huvunwa kilo 2 hadi 3 za funza wanono kwa ajili ya kuku na samaki. Kazi ngumu ni kuzalisha mayai, kwa hiyo halmashauri isijitwike hilo. Iwape vikundi eneo na mabaki, wao wafuge. Mabaki yawe na unyevu wa kama asilimia 70 hadi 80. Yakiwa supu, funza hukimbia kreti.

Hatua ya 4: Majumbani, mafungu mawili tu

Soko likishakaa sawa, ingia majumbani mtaa mmoja kwa mmoja. Kila kaya iwe na vyombo viwili: ndoo yenye kifuniko kwa vinavyooza na kiroba kwa vikavu. Kenya, kupitia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, imechagua mgawanyo huu huu wa vinavyooza na visivyooza, na ni uamuzi wa busara kwa sababu mama mwenye nyumba na mtoto wake wote wanauelewa bila semina.

Pampasi na pedi ziende kwenye kiroba zikiwa zimefungwa. Lisemwe waziwazi, la sivyo zitaingia ndoo ya mboji.

Uzoaji uwe angalau mara mbili kwa wiki. Sababu ni nzi. Kwenye joto letu yai la nzi hufika kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, hivyo taka zinazoondoka kila baada ya siku tatu hazimpi nafasi ya kumaliza mzunguko wake. Ratiba ya mara moja kwa wiki humlea.

Guta la injini (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) lenye watu wawili huhudumia kaya 150 hadi 250 kwa siku kutegemea vilima na upana wa vichochoro. Kaya 7,000 mara mbili kwa wiki ni milango 14,000. Ukigawa kwa siku 6 na kaya 200 kwa guta, unahitaji maguta 12. Kila moja litabeba tani 1.5 kwa siku kwa safari tatu au nne za kilo 400 hadi 450. Kwa hiyo kizimba kisiwe mbali zaidi ya kilomita moja na nusu. Kikiwa mbali, guta litamwaga kwenye korongo la kwanza litakalokutana nalo, na hakuna faini itakayolizuia. Bodi ya guta igawanywe kwa ubao katikati. Mkazi akiona ndoo yake na kiroba chake vikichanganywa mbele ya macho yake, hatatenganisha tena, na kumrudisha kutachukua miaka.

Mfanyakazi amwage ndoo mwenyewe na kuirudisha. Anayeikuta ndoo imechanganyika asiikatae siku ya kwanza. Aibandike karatasi nyekundu. Mara ya tatu ndipo mjumbe apite.

Hatua ya 5: Kizimba na malori

Kizimba kizuri ni jukwaa. Jenga njia ya mteremko ya zege, guta lipande juu na kumwaga moja kwa moja ndani ya kontena au bodi ya lori lililosimama chini. Kumwaga ardhini na kupakia tena kwa koleo kunagharimu kazi mara mbili, kunaumiza migongo, na kunakusanya mbwa. Kizimba kiwe na maji ya bomba, mfereji na taa. Usiku usio na taa ndio wakati wa watu wa nje kutupa.

Sasa hesabu ya safari. Tani 18 ni mita za ujazo 60, yaani safari 6 za tipa ya mita za ujazo 10. Ukiinua mbavu za bodi kwa sentimita 60, bodi ya mita 4.5 kwa 2.3 huongeza mita za ujazo 6. Tipa inabeba 16, safari zinashuka hadi 4, na kila moja ina chini ya tani 5, ndani ya uwezo wa gari. Fundi wa kuchomelea anaimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Lakini mbavu ndefu bila jukwaa ni mateso kwa wapakiaji, kwa hiyo viende pamoja. Turubai la kufunika ni lazima. Lori linalodondosha taka barabarani hubomoa kampeni yote.

Ukitenganisha nusu ya vinavyooza (tani 5.4), usitarajie safari zipungue kwa kadiri ya uzito. Vinavyooza ni vizito lakini vimejibana: vikitoka, ujazo unashuka kwa kama mita za ujazo 11 tu, hadi 49. Hiyo ni kama safari 3 zilizojaa pomoni badala ya 4. Kilichobaki, hata hivyo, ni kikavu na chepesi, na hapo ndipo kompakta, yaani lori linaloshindilia taka, inapofaa. Kompakta zilibuniwa kwa taka za Ulaya zenye maboksi na plastiki tele. Ukizipa taka zetu mbichi zilizojaa maji na mchanga, hazina cha kushindilia: ekseli zinazidiwa, maji yanamwagika njiani, na pistoni zinakwanguliwa. Asiyetenganisha anunue tipa na malori ya kubeba makontena, ambayo fundi yeyote mjini anayajua.

Kila lori liwe na daftari la saa: kutoka, kufika kizimbani, kuondoka, kufika dampo, kurudi. Utashangaa muda unaopotea kwenye foleni ya dampo. Safari ya kwanza ianze saa 10 alfajiri, kabla ya daladala kujaa barabarani.

Hatua ya 6: Pesa na mkataba

Kwa kata yetu, hesabu ya mfano kwa mwezi wa siku 26:

- Wafanyakazi 24 wa maguta kwa shilingi 250,000: 6,000,000
- Mafuta ya maguta 12 kwa 8,000 kwa siku: 2,500,000
- Matengenezo: 840,000
- Kurudisha mtaji wa maguta (milioni 7 kila moja, miezi 36): 2,300,000
- Glavu, buti, koleo na ukusanyaji wa ada: 1,000,000
- Safari 104 za lori kwa 80,000: 8,320,000

Jumla inakaribia milioni 21. Ada ya shilingi 3,000 kwa kaya 7,000 ni milioni 21 kamili, na ndiyo maana maandiko ya miradi huwa yanapendeza. Ukweli ni kwamba hakuna kata inayolipa yote. Asilimia 60 ni mafanikio, nayo inaleta milioni 12.6, karibu sawa na gharama za maguta bila malori.

Hapo ndipo pa kukata. Ada ya wakazi ilipie guta, kwa kuwa hiyo ndiyo huduma wanayoiona mlangoni. Malori na dampo vilipiwe na mapato ya ndani ya halmashauri, yakisaidiwa na ada za hoteli, baa, maduka na viwanda, ambazo zitozwe kwa ujazo wa mapipa na si kwa makisio. Kumbebesha mkandarasi yote mawili kunazalisha mduara unaojulikana kila jiji: wachache wanalipa, mkandarasi anakata safari, taka zinalala, na hata waliokuwa wanalipa wanaacha.

Malipo yapite kwenye namba ya malipo ya serikali kwa simu. Pesa taslimu mkononi huvuja, na risiti ya kuandikwa kwa kalamu haimzuii mtu. Kwa nyumba za kupanga, mwenye nyumba awajibike, kwani mpangaji anahama.

Mkataba wa mwaka mmoja ni kosa la kudumu. Nani atanunua maguta 12 kwa mkopo wa miaka mitatu ilhali mkataba unaisha Juni? Toa miaka mitatu, wenye kifungu cha kuvunja baada ya maonyo matatu. Vigezo viwe vya kuhesabika: asilimia ya kaya zilizopitiwa kwa siku ya ratiba, tani zilizopita mizanini, malalamiko yaliyojibiwa ndani ya saa 48. Vikundi vya mitaa vipewe nafasi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kununua maguta, mradi mkopo na mkataba vitoke pamoja.

Sheria ndogo ipitie njia yake: maoni ya wananchi, Baraza la Madiwani, idhini ya Waziri, tangazo kwenye Gazeti la Serikali. Halmashauri ikitoza faini kwa tangazo la mkurugenzi pekee, itashindwa mahakamani siku mtu atakapoleta wakili.

Hatua ya 7: Waokota makopo

Hawa ndio idara ya urejelezaji ya jiji, na hawalipwi mshahara. Kuwafukuza kunaongeza uzito kwenye malori. Waandikishe, wape vitambulisho, glavu na buti, na weka kizimbani kibanda chenye paa, meza ya kuchambulia na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mizani ndiyo haki kubwa zaidi, kwa sababu wanunuzi wa kati huwaibia hapo. Inachukua makumi ya chupa za maji za nusu lita kufanya kilo moja, hivyo kilo ya uongo ni saa nzima ya kuinama.

Plastiki laini haina mnunuzi wa uhakika. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 iliondoa sehemu kubwa, lakini vifungashio laini vilichukua nafasi sokoni. Usimamizi wa hilo uanzie kwa wauzaji wa jumla, kwa sababu muuza nyanya ananunua kinachopatikana.

Mabomba ya sindano, betri na taka za zahanati zisikanyage mkondo huu. Kituo cha afya kina utaratibu wake wa rangi za mapipa na tanuri lake, na mkandarasi wa kata akatazwe kwa maandishi kuzipokea.

Hatua ya 8: Dampo lisiue watu

Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuua zaidi ya watu 30. Miaka saba kabla, Machi 2017, dampo la Koshe, Addis Ababa, liliua zaidi ya 110. Haya si majanga ya asili. Taka zilizorundikwa wima, zenye maji ndani na nyumba chini yake, zitaanguka.

Hata dampo la kizamani linaweza kutulizwa bila mabilioni. Weka geti, mlinzi na mizani ya magari. Teua eneo dogo la kumwagia kwa siku, lenye upana wa malori mawili au matatu, na mengine yote yafungwe. Katapila lisambaze taka kwa tabaka zisizozidi nusu mita na lipite juu mara tatu hadi tano. Jioni funika kwa udongo wa sentimita 15, na ukikosekana tumia kifusi cha ujenzi au mboji mbovu iliyokataliwa. Ubavu usizidi mteremko wa mita 3 mlalo kwa mita 1 kwenda juu. Chimba mfereji kuzunguka lundo ili maji ya mvua ya nje yasiingie. Ukiona nyufa juu ya lundo au ubavu unaotuna, ondoa watu siku hiyo hiyo.

Kwa eneo jipya, fikiria mbinu ya Fukuoka iliyobuniwa Japani na kujaribiwa Kang'oki, kaunti ya Kiambu, Kenya. Mabomba yenye matundu hulazwa chini ndani ya mawe, mengine husimamishwa wima. Mchuruziko hutoka, hewa huingia, taka hutulia mapema na methani hupungua. Hata mianzi na mapipa matupu vinaweza kutumika kama mabomba ya wima.

Moto usizimwe kwa maji. Maji huongeza mchuruziko na moto hubaki ndani. Chimba, tenganisha eneo linalofuka, lifunike kwa udongo. Na waokotaji wasiruhusiwe mbele ya katapila linapofanya kazi: wapewe muda wao, kati ya kumwagwa na kushindiliwa.

Ratiba dhidi ya bajeti

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makisio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Upimaji wa kiangazi ufanyike Agosti na Septemba ili namba ziwepo kabla rasimu ya bajeti haijafika kwenye kamati. Jukwaa la kizimba na mbavu za malori vinaweza kulipiwa na fungu la matengenezo la mwaka huu huu. Eneo la mboji linahitaji hati na cheti cha mazingira kutoka mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa hiyo maombi yaanze siku kiwanja kinapotajwa, si siku paa linapoezekwa. Upimaji wa masika, Machi hadi Mei, utumike kurekebisha idadi ya safari na maranda ya kununua. Msimu huo matuta hulowa, na maranda makavu hupanda bei kwa sababu wafugaji wa kuku nao wanayagombea. Nunua Januari.